Bunduki ya pentiboli ya mashindano: ipi inamfaa mchezaji wa Lubumbashi?

Mchezaji wa Lubumbashi anayetaka bunduki ya pentiboli, mchezo wa kupigana kwa vidonge vya rangi, ya kiwango cha mashindano huanza, kama wachezaji wa kila mahali, kwa kutazama majina makubwa na bei zake, na aghalabu huishia kuitamani ile inayoshikwa na mabingwa wa Marekani. Hapa nimezipanga kwa kipimo kingine. Bunduki zote za daraja hili hupiga kidonge cha rangi chenye kipenyo cha inchi 0.68, yaani milimita 17 na kidogo, na zote hufungwa na kanuni zilezile: kidonge hakiruhusiwi kuzidi mwendo wa futi 300 kwa sekunde, ambazo ni kama mita 91, na katika ligi kubwa kasi ya kufyatua imewekewa mpaka wa karibu vidonge 10 kwa sekunde. Kwa hiyo bunduki ya dola 1,500 haipigi mbali kuliko ya dola 700. Zinatofautiana kwa ulaini wa mpigo, uzito, matumizi ya hewa na, kwetu sisi tulio mbali na duka la vipuri, kwa urahisi wa kuifungua na kuirekebisha mezani nyumbani. Hilo la mwisho ndilo nililolipa uzito kuliko yote.

Hata hivyo, suala la hewa litangulie, kwa sababu bila hewa hakuna bunduki itakayokufaa. Bunduki za kielektroniki hutumia hewa iliyoshindiliwa, na chupa iliyozoeleka ni ya nyuzi za kaboni, yenye ujazo wa lita 1.1, inayojazwa hadi shinikizo la bar 300 na kutosha takribani vidonge 1,000. Kompresa za kujazia matairi katika gereji za Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, pamoja na zile za karakana za migodi, kwa kawaida hutoa bar 7 hadi 10 tu, ambazo hapa hazisaidii chochote. Kinachotakiwa ni kompresa ya shinikizo la juu, ya aina inayojaza mitungi ya wapiga mbizi na wazimamoto, yenye vichujio vya kuondoa maji na mafuta. Kikundi kisicho na njia ya kuipata kinunue kompresa hiyo kwanza, na bunduki baadaye. Gesi ya kaboni dioksidi (CO2), ambayo hupatikana kwa wauza vinywaji, isitiwe katika bunduki hizi, kwani ubaridi wake na umajimaji unaopenya huharibu solenoidi, yaani vali ndogo ya umeme, na oringi, yaani pete za mpira za kuzuia hewa isivuje. Tena, mtu yeyote asishawishike kujaza chupa kwa oksijeni ya wachomeleaji: oksijeni ya shinikizo kubwa ikikutana na grisi hulipuka, na chupa hiyo huwa karibu na uso wako.

Jambo la pili ni vumbi. Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu la Lubumbashi huingia katika kila tundu, na bunduki inayogusa ardhi kila mchezaji anapojitupa nyuma ya kizuizi italimeza. Hapo ndipo aina ya vali inapokuwa na maana. Zipo bunduki ambazo hewa huachiwa na pistoni inayoteleza ndani ya silinda. Mpigo wake ni laini na hazipasui vidonge dhaifu, lakini hutegemea oringi safi zilizopakwa grisi. Zipo nyingine ambazo nyundo ndogo hugonga vali na kuifungua. Hizi hutikisika zaidi mkononi, ila hutumia hewa kidogo.

Nafasi ya kwanza naipa Gtek 170R ya Planet Eclipse, kampuni ya Manchester, Uingereza. Wapo watakaopinga wakisema hii si bunduki ya juu kabisa, na kwa bei wana haki, maana huuzwa chini ya dola 1,000. Lakini mwili wake ni wa alumini, kifyatulio chake ni cha kielektroniki chenye mipangilio ya ligi, na pistoni yake ni ya mfumo uitwao Gamma Core, uleule uliomo ndani ya Emek, bunduki ya bei nafuu isiyo na umeme wowote. Kwa kikundi cha Lubumbashi hili ni jambo kubwa: wanaojifunza wakitumia Emek na wanaoshindana wakitumia 170R, pakiti moja ya oringi na kopo moja la grisi vinawatosha wote, na bunduki ikikwama siku ya mchezo, pistoni ya mwenzako inaweza kuiokoa. Betri yake ni ya volti 9, ya aina ambayo mafundi umeme hutia katika vipimo vyao, kwa hiyo kukatika kwa umeme usiku wa kuamkia mechi hakumzuii mtu kucheza.

Usafi wake ni kazi ya dakika chache. Toa chupa, fyatua hadi hewa iliyobaki iishe, kisha vuta pistoni kwa nyuma bila bisibisi. Ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na uizungushe taratibu mbele ya taa: oringi nzima hung'aa sawasawa pande zote, ilhali iliyokatwa huonyesha mstari mfinyu mweupe au kipande kilichobanduka. Paka grisi kiasi cha kuifanya oringi iteleze tu, kwa sababu grisi ikizidi huvuta vumbi na kugeuka sandipepa. Hewa ikivuja, sikiliza inakotokea. Sauti ikitoka mtutuni, anza na oringi za pistoni. Ikitoka karibu na mpini au chini ya regulata, kifaa kinachodhibiti shinikizo la hewa, tatizo liko huko, na pistoni uiache ilivyo.

Ya pili ni CS2 ya kampuni hiyohiyo, kwa mwenye zaidi ya dola 1,000. Nayo ni ya pistoni inayoteleza, haina bomba la nje la kukwama popote, na ukiishika unahisi ilivyotulia mkononi kuliko 170R. Je, tofauti hiyo inastahili pesa iliyoongezeka? Kwa anayecheza ligi kila mwezi, ndiyo. Kwa anayefanya mazoezi Lubumbashi na kusafiri mara chache kwenda kushindana Afrika Kusini, nadhani pesa hiyo ingefanya kazi nzuri zaidi katika chupa ya pili na vidonge.

Ya tatu ni LV1.6, pia ya Planet Eclipse, na nimeipandisha juu ya bunduki ambazo wengi wangezitanguliza. Ni ya vali ya kugongwa, hivyo huhisiwa mkononi zaidi, lakini hewa yake hudumu, na mahali ambapo kujaza chupa ni safari ya kwenda upande wa pili wa mji, vidonge vya ziada katika chupa moja si jambo dogo. Kikundi ambacho kompresa yake iko uwanjani kinaweza kuishusha hadi nafasi ya tano.

Luxe X ya DLX, ya Marekani, ndiyo laini kuliko zote nilizozitaja, na ina spika ndogo inayokusomea mipangilio kwa sauti. Ni kazi ya mikono ya watu wanaojua wanachofanya. Naiweka ya nne tu kwa sababu hutumia betri ya kuchajiwa, na vipuri vyake ni vya kwake peke yake, hivyo kifaa kimoja kidogo kikiharibika utasubiri kifurushi kwa wiki kadhaa. M3+ ya DYE, kutoka San Diego, ina sifa na kasoro zinazokaribiana na hizo. Shocker AMP ni ndogo na nyepesi, inamfaa mchezaji wa mbele mwenye mikono mifupi. Zaidi ya hapo sina sababu ya kuitanguliza.

Bunduki iliyotumika isidharauliwe, kwani Geo au CS1, nazo za Planet Eclipse, iliyotunzwa hupatikana kwa bei ya chini sana kuliko ilipokuwa mpya. Mwombe muuzaji video isiyokatwa inayoonyesha bunduki ikiwa na hewa kwa dakika kadhaa bila kuvuja, kisha ikipimwa mwendo mara kumi mfululizo. Namba zikipishana kwa zaidi ya futi kumi hivi, regulata inahitaji kazi. Chupa ya zamani usiinunue kabla ya kusoma tarehe iliyopigwa juu yake, maana chupa nyingi hutakiwa kupimwa upya kwa maji kila baada ya miaka 5.

Tenga pia fedha za mtutu wenye vipande vya ndani vya kubadilisha kipenyo. Ganda la kidonge ni la jelatini, na hapa kwetu huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi. Kidonge kinachofaa ni kile kinachokaa ndani ya kipande bila kuanguka na kutoka kwa kupulizwa kidogo. Hopa, chombo cha vidonge kinachokaa juu ya bunduki, iwe ya kusukuma vidonge kwa injini, na barakoa iwe ya pentiboli hasa, yenye kioo kilichothibitishwa kwa kiwango cha ASTM F1776, kwani miwani ya mgodini haitoshi.

Kabla ya kulipa chochote, ulizia forodha na vyombo vya usalama, na upate jibu lao kwa maandishi, kwa kuwa kifaa hiki kinafanana na silaha na mzigo unaweza kuzuiwa mpakani Kasumbalesa au katika uwanja wa ndege wa Luano. Chupa isafirishwe ikiwa tupu, regulata yake ikiwa imefunguliwa ili mkaguzi aone ndani, na bili ya ununuzi ikae pamoja na mzigo. Ndani ya mji, bunduki ibebwe katika sanduku lililofungwa, mtutu ukiwa umevishwa kifuniko, na isitolewe kwa ajili ya picha barabarani hata kama ni mbele ya nyumba yako mwenyewe.