TAHADHARI: Mashine za bia za mezani zinazouzwa "mpya, bado ziko kwenye boksi"

Wadau, kabla hujamtumia hela mtu anayeuza mashine ya kutengenezea bia nyumbani, soma hapa kwanza. Mimi nimeshalizwa, na tangazo lililoniliza limerudi tena wiki hii kwa jina jingine, picha zilezile.

Tangazo lilisema mashine haijawahi kutumika, inatoa bia kwa saa mbili, na unaongezewa pakiti sita za viungo. Nikaomba video. Akanitumia: kioo kinawaka, maneno ya kukaribisha yanatokea. Nikaridhika. Akaomba nimlipe moja kwa moja, nisipitie mfumo wa malipo wa soko la mtandaoni, eti makato yake ni makubwa. Nikalipa.

Ilipofika nikaichomeka. Kioo kikawaka vilevile kama kwenye video, waifai ikakamata, kisha kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kilizunguka mpaka usiku. Nikamwuliza muuzaji, akajibu: "Iache, inajisasisha." Kesho yake nikaandika tena, nikakuta ameshanifungia mawasiliano.

Nilichokuja kukielewa baadaye ni hiki, na naomba kila mnunuzi akishike. Baadhi ya mashine hizi haziwezi kujiendesha zenyewe. Ukiweka pakiti, mashine inasoma alama iliyobandikwa juu yake, halafu inaiuliza seva ya kampuni, yaani kompyuta yao iliyoko mtandaoni: nipashe maji hadi nyuzi ngapi, kwa dakika ngapi? Seva ikizimwa, haina wa kumuuliza. PicoBrew ya Seattle, Marekani, iliyovuma sana kwa mashine za aina hii, ilifunga shughuli mwaka 2020, na waliokuwa na mashine zake wakategemea programu za seva walizoandika wenzao wanaopenda kupika bia. Yangu ni ya kampuni nyingine, ugonjwa ni uleule. Mashine inaweza kung'aa kama imetoka kiwandani jana na isikupikie hata glasi moja. Kioo kuwaka hakuthibitishi chochote.

Na hata huo upya ulikuwa uongo. Nilipochomoa mrija wa pampu nilikuta utando mweusi wa ukungu kwa ndani, na mpira wa kuzibia ulinata vidoleni kwa sukari iliyokauka. Sukari hiyo ni ya kimea, ile nafaka iliyooteshwa ya kupikia bia. Kuna mtu alishapikia. Kwenye pakiti, sehemu ya tarehe ilikwanguliwa. Nikafungua moja: hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, zikanuka jibini lililokaa sana, ambayo ndiyo harufu ya hopsi zilizozeeka. Hamira nikaitia kwenye maji vuguvugu yenye sukari nikasubiri saa nzima. Hata povu halikutokea.

Halafu hizo "saa mbili". Kimea hulowekwa kwenye maji ya nyuzi 65 hadi 68 za Selsiasi kwa kama saa moja ili wanga ugeuke sukari, kisha majimaji yake huchemshwa na hopsi, mara nyingi saa nyingine tena. Kinachotoka hapo ni maji matamu ya kimea, hayana kilevi hata tone. Lazima yapoe, yatiwe hamira, yaachwe yachachuke siku kadhaa, mara nyingi wiki moja hadi mbili, ndipo yaingie gesi. Mashine haiharakishi hamira. Muuzaji akikuahidi bia jioni ya siku hiyohiyo, achana naye.

Kama bado unataka ya mkono wa pili, mwambie akupigie simu ya video, siyo akutumie video aliyorekodi. Atie maji mbele yako, achague mapishi, na uone nyuzi zinapanda na maji yanazunguka. Hiyo ni kazi ya dakika 15, na mwenye mashine nzima hatakataa. Muulize kama inapika bila intaneti, na kama unaweza kuweka nafaka zako mwenyewe badala ya pakiti za kampuni. Akikwepa maswali haya mawili, usimlipe. Malipo yapite kwenye mfumo wa soko hata kama makato yanauma. Mimi nimekosa pa kudai kwa sababu nililipia pembeni.

Tangazo lenyewe mtalitambua hivi: mashine iko juu ya meza nyeupe, boksi limechanika kona ya kushoto na limezungushiwa gundi ya karatasi ya kahawia, na pakiti sita zimepangwa mbele, zote zimegeuzwa mgongo ili tarehe isionekane. Nimeshaliripoti. Ukiliona, liripoti na wewe.