Bacula na daftari lake: uzoefu wangu baada ya katalogi kupotea

Nina miaka sita nikitumia Bacula, programu ya kuchukua bakapu za kompyuta nyingi, hapa Kigoma, kwenye ofisi ya shirika linalofanya kazi pande mbili za Ziwa Tanganyika. Miaka mitano ya mwanzo sikuwahi kujiuliza bakapu ya seva ya bakapu yenyewe iko wapi. Nilijua kuna kazi inaitwa BackupCatalog inayojiendesha kila usiku. Asubuhi nilikuta barua pepe yake imeandikwa "Backup OK", nikaifuta, nikaendelea na mengine. Mpaka diski ilipokufa.

Kwa ambaye hajaitumia, Bacula si programu moja. Kila kompyuta inayolindwa inakaa na wakala mdogo anayesoma mafaili yake. Kuna mtunza stoo, anayepokea data na kuiandika kwenye makasha, ambayo yanaweza kuwa tepu au, kama kwetu, mafaili makubwa ya GB 50 yaliyo kwenye NAS, yaani sanduku la diski lililounganishwa na mtandao wa ofisi. Halafu kuna msimamizi, ambaye Bacula humwita Director, anayepanga nani ahifadhiwe saa ngapi. Kila kinachofanyika kinaandikwa kwenye katalogi, hifadhidata ambayo kwetu inaendeshwa na PostgreSQL. Katalogi ndiyo inayojua kwamba faili fulani la kompyuta ya uhasibu, lile la Jumanne, liko kwenye kasha namba 31 na linaanzia wapi. Fikiria stoo yenye maboksi mamia yasiyoandikwa kitu kwa nje. Mali yote ipo, lakini daftari la mtunza stoo likipotea utafungua boksi moja moja.

Ilikuwa Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Saa nane usiku umeme ulikatika, betri ya UPS ilikuwa imeshachoka, na ulivyorudi ulirudi kwa nguvu. Asubuhi seva ya bakapu haikuwaka. SSD, diski yenye mfumo wa seva, haikuonekana hata kwenye BIOS, ile skrini ya kwanza kabla mfumo haujawaka. NAS yenye makasha ilikuwa nzima, kwa hiyo sikushtuka sana. Data ipo, nikasema, nitafunga diski mpya na kuweka upya Debian, mfumo wa Linux tunaoutumia. Sijamaliza kuvunja karatasi ya diski mpya, mhasibu wetu mkuu akasimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kitabu cha fedha cha mwezi huu nimekiandikia juu yake, kila kitu kimepotea. Nirudishie kile cha Jumanne. Kesho asubuhi wakaguzi wako hapa."

Nikamwambia kabla ya jioni atakipata, na niliamini ninachosema. Alipoondoka ndipo nilipokaa chini na kuliona tatizo lote. Ili nimpe kitabu chake nilihitaji katalogi. Katalogi ilikuwa kwenye diski iliyokufa. Nakala yake ilikuwa ndani ya makasha, kwa sababu kila usiku BackupCatalog huitoa hifadhidata nzima kama faili moja, bacula.sql, na kulihifadhi kama faili jingine lolote. Lakini ni kasha gani, na sehemu gani ya kasha? Anayejua hilo ni katalogi.

Waliotengeneza Bacula waliliona duara hili mapema, na dawa yake ni faili dogo lenye kiishio cha .bsr. Lina mistari michache tu, inayotaja jina la kasha, namba ya kikao cha uandishi na mahali data ilipo. Ukiwa nalo huhitaji katalogi kabisa. Kwenye Debian, mpangilio unaokuja na programu unaliandika ndani ya /var/lib/bacula, yaani kwenye diski ileile ya seva. Sikuugusa. Kwenye mwongozo wa Bacula kuna maelezo yanayoonyesha namna ya kulituma kwa barua pepe kwenye mashine nyingine. Nilishayasoma maelezo yale, zaidi ya mara moja, nikayapita.

Wazo la kwanza lilikuwa bscan, zana inayosoma makasha yote na kuijenga katalogi upya kutokana na kilichoandikwa humo. Inafanya kazi, na siku ambayo huna kingine ndiyo itakayokuokoa. Ila nilikuwa na makasha 44. Hiyo ni zaidi ya TB 2 kupitia waya wa gigabiti moja, karibu saa sita za kusoma tu, bado hujaingiza mamilioni ya majina ya mafaili kwenye hifadhidata. Wakaguzi wangenikuta bado naangalia namba zikipita.

Kilichonisaidia ni bls. Ni zana ndogo inayofungua kasha na kukuonyesha kilichomo, bila msimamizi, bila katalogi, ikihitaji tu mipangilio ya mtunza stoo, faili linaloitwa bacula-sd.conf. Nakala ya faili hilo nilikuwa nayo kwenye laptop yangu, mabaki ya siku niliyokuwa nabadilisha NAS. Nikayapanga makasha kwa tarehe, nikachukua la mwisho, Kasha-0044, nikaendesha bls kwa chaguo la -j linaloorodhesha vikao vya kazi tu. Ilisoma kama dakika kumi. Majina ya kompyuta zetu yakaanza kupita moja moja, uhasibu, mapokezi, ghala, na chini kabisa, baada ya mashine zote 23, BackupCatalog. SessId 72, na pembeni SessTime, namba ya tarakimu kumi ambayo ni sekunde tangu 1970 hadi pale mtunza stoo alipowashwa mara ya mwisho.

Hizo zilitosha. Nikafungua kihariri nikaliandika faili la .bsr kwa mkono, mistari mitatu: Volume ikiwa Kasha-0044, VolSessionId ikiwa 72, VolSessionTime ikiwa ile namba ndefu, tarakimu baada ya tarakimu nikiisoma kwa sauti ili nisikosee. Kisha bextract, nikiipa faili hilo kwa chaguo la -b, jina la kifaa, na folda ya kutolea. Ndani ya dakika chache bacula.sql ilikuwa mbele yangu, na pembeni yake folda nzima ya /etc/bacula. Hiyo folda haikuja kwa bahati. Miaka mitatu nyuma niliiongeza kwenye orodha ya mafaili ya BackupCatalog. Mstari mmoja ule uliniokoa kuzunguka mashine 23 kuandika nywila mpya, maana kila wakala ana nywila inayolingana na ya msimamizi, na zote zimo mle.

Hapo nikafanya haraka, na haraka ikanirudisha nyuma. Niliunda hifadhidata tupu mwenyewe kwa amri ya kawaida ya PostgreSQL, nikaanza kumimina bacula.sql ndani. Baada ya muda ikagoma: baiti 0x82 haikubaliki kwenye UTF8, usimbaji wa herufi uliokuwa kwenye hifadhidata niliyoiunda. Nilidhani faili limeharibika, nikakaa nusu saa na hofu hiyo. Kumbe lilikuwa zima. Wenzetu wa Bujumbura hutuletea ripoti za Kifaransa kwenye zipu, na baadhi ya zipu hizo za zamani zikifunguliwa kwenye Linux, herufi é, ile e yenye mkwaju, inabaki kama baiti moja, 0x82. Linux haijali, jina la faili kwake ni baiti tu. Ndiyo sababu hati (skripti) ya Bacula inayounda hifadhidata huiunda kwa usimbaji wa SQL_ASCII, unaopokea baiti yoyote bila kuuliza. Nikaifuta ile yangu, nikaunda nyingine kwa hati ya Bacula yenyewe, nikamimina tena. Safari hii ilikwenda hadi mwisho.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, nalo ni hatari kuliko hilo la herufi. Katalogi uliyoirudisha ni picha ya wakati ilipotolewa. Kazi ya BackupCatalog yenyewe ilikuwa bado inaendelea wakati huo, kwa hiyo matokeo yake hayamo, na ukubwa wa kasha la mwisho ulioandikwa humo ni mdogo kuliko ukubwa halisi kwenye NAS. Ukimwasha msimamizi bila kufikiri, ratiba ya usiku itakuja na atataka kuendelea kuandika kwenye kasha hilo wakati hesabu hazilingani. Nilichofanya ni kuzizima ratiba zote kwenye mipangilio kabla ya kumwasha, kisha kwenye bconsole, dirisha la kumpa msimamizi amri, nikabadilisha hali ya Kasha-0044 kuwa Used ili lisiandikwe tena, na kazi mpya zianze na kasha jipya. Kama katalogi yako ni ya siku kadhaa nyuma, makasha yaliyoandikwa baada yake ndiyo ya kupitishia bscan, hayo tu, na hapo bscan inakuwa nyepesi.

Saa kumi na moja jioni niliandika amri ya restore, nikachagua namba 6, inayokuuliza unataka hali ya kabla ya tarehe gani, nikaweka Jumatano asubuhi. Nikatembea kwenye folda za uhasibu kama vile kompyuta iko mbele yangu, nikaliwekea alama faili la kitabu cha fedha. Mama alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mkoba mapajani. Faili lilipofunguka alivuta kiti karibu, akashuka mpaka mstari wa mwisho wa Jumanne, malipo ya mafuta ya boti, akakilinganisha na stakabadhi aliyokuwa nayo mkononi. Akasema, "Ndicho." Akaenda nacho.

Sasa nasemaje kuhusu Bacula? Nyota nne kati ya tano. Ni kazi iliyoanzishwa na Kern Sibbald mwaka 2000 na kutolewa kwa umma 2002, na inaonekana ilijengwa na watu waliofikiria siku mbaya. Zana za dharura, bls, bextract na bscan, hazimtegemei msimamizi wala katalogi, na umbo la makasha linasomeka bila daftari. Hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Sibbald huyohuyo alifanya kazi pia kwenye apcupsd, programu inayozima seva kwa utaratibu UPS inapoishiwa. Nimeiweka wiki ileile, pamoja na betri mpya.

Nyota moja naipunguza kwa sababu inamdai mtu muda mwingi. Mwongozo wake ni mrefu, wa Kiingereza, na mambo haya ya katalogi yametawanyika kwenye sura tofauti. Ukiwa na kompyuta tatu za nyumbani, usijitese. Chukua restic, programu nyingine ya bakapu, ambayo faharasa yake inakaa ndani ya hazina ileile ya data na inaweza kujengwa upya kwa amri moja. Bacula ni ya aliye na mashine nyingi, kama sisi, anayetaka kusimamia zote kutoka sehemu moja. Wenye mifumo mikubwa ya kulipia nao hawajaepuka suala hili. Kwenye NetWorker, mmojawapo wa mifumo hiyo, watu walizoea taarifa ya bootstrap, yenye kazi kama ya .bsr, kutoka kwenye printa kila siku ili karatasi ibaki pembeni, na kwenye mfumo wa bakapu wa IBM kuna faili la historia ya tepu na faili la mipangilio ya vifaa, ambayo unatakiwa kuyatunza nje ya seva. Majina tofauti, duara ni lilelile.

Kwangu sasa mambo yako hivi. BackupCatalog ina kipaumbele namba 11 na nyingine zote 10, na kwa Bacula namba kubwa husubiri, kwa hiyo katalogi huhifadhiwa baada ya mashine zote kumaliza. Mpangilio huo unakuja na programu, usiubadilishe. Faili la .bsr linatumwa kwa barua pepe kwenye sanduku lililo nje kabisa ya ofisi. Folda ya /etc/bacula iko kwenye orodha. Na zile barua za asubuhi sizifuti tena kabla ya kuzifungua, naangalia ukubwa wa bacula.sql. Ukipungua ghafla, natafuta sababu siku hiyohiyo.

Kila miezi mitatu nachukua laptop ya zamani isiyo na kitu, naiwekea Debian, na kujaribu kuirudisha katalogi kana kwamba seva imeungua. Mara ya kwanza nilitumia saa nne, maana nilisahau kwamba toleo la PostgreSQL la laptop lilikuwa la zamani kuliko la seva na likakataa baadhi ya amri. Mara ya mwisho ilikuwa saa moja na dakika arobaini, kutoka skrini tupu hadi faili la majaribio kufunguka.

Nakala ya pili ya .bsr na ya mipangilio iko kwenye flashi ndani ya sefu ya uhasibu. Kila Ijumaa saa tisa mama ananipigia simu ya mezani, "Njoo uchukue kidude chako," naenda, naandika mapya, namrudishia, naye anaandika tarehe kwenye bahasha yake kwa kalamu nyekundu.