Mawakili wa kesi za poda ya talki mjini Houston: tathmini ya huduma yao

Tathmini hii inahusu kampuni moja ya mawakili mjini Houston, Texas, iliyoichukua kesi ya mama yangu mdogo, ambaye mwaka 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ovari baada ya kutumia poda ya watoto ya Johnson & Johnson, iliyotengenezwa kwa madini ya talki, kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa kesi bado haijaisha. Watu wetu wengi hapa Marekani hulifahamu suala hili kupitia matangazo ya televisheni peke yake, na matangazo hayo hayasemi lolote kuhusu mambo ambayo mgonjwa anapaswa kuyajua kabla ya kutia saini.

Namba nyingi zinazotangazwa hazipokewi na wakili. Zinapokewa na kampuni za kukusanya majina, ambazo huyauza kwa mawakili, na mgonjwa anaweza kujikuta amefungwa na mkataba wa ofisi iliyo katika jimbo ambalo hajawahi kulikanyaga. Kampuni hii ilianza vizuri zaidi, kwani kabla ya kututajia mkataba iliomba ripoti ya patholojia, yaani matokeo ya uchunguzi wa maabara wa uvimbe, ikaeleza kwamba si kila uvimbe wa ovari unafaa kwa kesi ya namna hii, na kwamba wanachokitafuta hasa ni saratani zinazoanzia kwenye tabaka la nje la ovari pamoja na mesothelioma, yaani saratani ya utando inayosababishwa zaidi na asbesto na ambayo inaweza kuchukua miaka 20 hadi 50 kabla ya kujitokeza. Talki na asbesto ni madini yanayoweza kukutwa kwenye mwamba mmoja, hivyo wagonjwa wanadai poda ilichanganyika na asbesto, na hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia.

Mahojiano ya awali yalikuwa marefu, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu bora ya huduma yao. Walitaka kujua poda ilinunuliwa mwaka gani na wapi. Mwanzoni swali hilo lilionekana kama usumbufu, hadi wakili alipoeleza kwamba talki ya Johnson & Johnson iliyouzwa Marekani ilichimbwa kwa miaka mingi Vermont, kisha kuanzia mwaka 2003 ikawa inatoka China, hivyo mwaka wa matumizi unaonyesha mgodi, na mgodi unaonyesha ni vipimo gani vya maabara vinavyohusika. Mahali nako kuna uzito wake. Jacqueline Fox, mkazi wa Alabama aliyefariki kabla kesi yake haijasikilizwa, alipewa dola milioni 72 na mahakama ya Missouri mwezi Februari 2016, lakini mwaka uliofuata hukumu ikatenguliwa kwa sababu kesi ilikuwa imefunguliwa katika jimbo lisilomhusu. Kwa hiyo miaka ambayo mama mdogo alijipaka poda Tanga iliandikwa kama historia tu, na hoja ikajengwa juu ya chupa alizonunua Texas.

Tatizo lilikuja kwenye swali la namna alivyoitumia. Mkalimani wa kwanza aliyeunganishwa kwa simu alikuwa mwanamume, na mama mdogo, mwanamke wa pwani aliyevuka miaka 60, alinyamaza kabisa alipoulizwa aliipaka sehemu gani ya mwili. Niliomba mkalimani wa kike, na kampuni ilimpata bila kutuongezea gharama. Binti yule alianza na shikamoo, akaulizia hali ya matibabu, akaomba radhi kwa maswali aliyotumwa kuuliza, ndipo mama mdogo akasema: "Marahaba mwanangu. Nilikuwa najipaka kila nikitoka kuoga, huko chini, tangu nilipovunja ungo." Sentensi hiyo ndiyo msingi wa madai yake, na kampuni inayotangaza huduma kwa wahamiaji ilipaswa kujua tangu mwanzo kwamba haitamkwi mbele ya mwanamume asiyemfahamu.

Katika ushahidi sina lawama. Hakuna mtu anayetunza risiti za poda kwa miaka 20, hivyo waliomba maelezo yaliyoandikwa na watu waliokaa naye nyumba moja, wakaomba picha za zamani zinazoonyesha meza ya kujipambia, na wakatuagiza chupa iliyobaki chini ya sinki isifunguliwe wala kufutwa, iwekwe ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika na tarehe iandikwe juu yake. Hospitali nayo iliandikiwa barua ya kuzuia vipande vya uvimbe vilivyohifadhiwa ndani ya nta visitupwe, kwa kuwa mtaalamu anaweza kuvichunguza baadaye ili kuona kama vina chembe za talki. Sisi wenyewe tusingalifikiria jambo hilo.

Mkataba unahitaji kusomwa polepole. Hakuna malipo ya awali, na kesi ikishindwa mteja hadaiwi ada, lakini ikishinda wakili huchukua asilimia 40. Kilichonisimamisha ni kifungu cha gharama. Tuseme fidia ni dola 100,000 na gharama za kesi ni dola 8,000. Ada ikikatwa kwanza, mteja anabaki na dola 52,000. Gharama zikikatwa kwanza, anabaki na dola 55,200. Mkataba wetu uliandikwa kwa njia ya kwanza. Niliuliza, wakasita, kisha wakabadilisha, jambo linalonifanya niamini kwamba asiyeuliza habadilishiwi. Kumbukeni pia kwamba Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wazee, kama ililipia matibabu, ina haki ya kurudishiwa fedha zake kutoka kwenye fidia.

Nilithamini vilevile kwamba wakili hakutuuzia uhakika. Alitueleza kwamba utafiti mkubwa uliochapishwa Januari 2020, uliohusisha wanawake wapatao 250,000, haukupata uhusiano ulio dhahiri kitakwimu kati ya poda na saratani ya ovari, na kwamba kampuni inayoshtakiwa imeshikilia siku zote kuwa bidhaa yake ilikuwa salama na haikuwa na asbesto, hata baada ya kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada mwaka 2020, na duniani kote mwaka 2023 ilipohamia kwenye wanga wa mahindi. Mwezi Julai 2024, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka talki katika kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu. Hayo yote atayasikia mgonjwa kutoka pande zote mbili mahakamani, na ni afadhali ayasikie kwanza kwa wakili wake.

Kinachowapunguzia alama ni mawasiliano. Kati ya Oktoba 2021 na Machi 2025 Johnson & Johnson ilijaribu mara tatu kuyahamishia madai haya katika mahakama ya ufilisi kupitia kampuni tanzu, na mara zote tatu ikakataliwa. Jaribio la tatu lilihitaji kura za wadai kuukubali mpango wa fidia, na kampuni yetu ilituma bahasha nene ya Kiingereza cha kisheria yenye ushauri wa wakili ukurasa wa kwanza, huku maelezo ya namna fidia itakavyogawanywa yakiwa yamefichika nyuma kabisa. Karani aliyekuwa akishughulikia faili alikuwa ameondoka na hatukuarifiwa aliyeshika nafasi yake. Ilinibidi nipige simu na kusisitiza hadi wakili mwenyewe aketi na mama mdogo, kwa mkalimani, amfafanulie kura hiyo. Jaji Christopher Lopez wa hapa Houston alipoukataa mpango huo tarehe 31 Machi 2025, kasoro za upigaji kura zilikuwa miongoni mwa sababu zake, na muda mfupi waliopewa wadai ulikuwa mojawapo ya kasoro hizo. Sikushangaa.

Kwa jumla ningeipa nyota tatu na nusu kati ya tano: maandalizi ya ushahidi ni ya kiwango cha juu, taarifa kwa mteja ni za kubahatisha. Inamfaa mwenye ripoti ya patholojia mkononi, aliyeitumia poda hapa Marekani, na ambaye bado yumo ndani ya muda wa kisheria, ambao Texas kimsingi ni miaka 2. Haimfai anayetarajia fedha za haraka, kwani makumi ya maelfu ya kesi za aina hii yamepangwa mbele ya mahakama moja ya shirikisho huko New Jersey. Ndugu zetu wa Tanga waliouliza kama wangeweza kujiunga walijibiwa waziwazi kwamba kampuni haichukui waliotumia poda na kuugua nje ya Marekani. Walioko Uingereza wana njia yao: mwezi Oktoba 2025 madai ya watu wapatao 3,000 yaliwasilishwa Mahakama Kuu ya London, nayo Johnson & Johnson inayapinga.