The African Queen: DVD "orijino" ya filamu niliyouziwa Lamu

Ukiambiwa "hii orijino, ami", igeuze diski kabla hujatoa pesa. Tumbo la orijino ni la rangi ya fedha, linakuonyesha uso wako kama kioo. La kuchomwa, yaani lililonakiliwa kwa kompyuta, lina zambarau, au kijani kilichopauka, kwa sababu ya dawa ya rangi inayounguzwa na leza. Niliyouziwa mimi ilikuwa zambarau kama biringani, na mgongoni imebandikwa stika ya karatasi. Shilingi 1,500! Diski ya shilingi 50 iliyovishwa kasha zuri.

Nyota moja, na hiyo ni ya kasha.

Ingekuwa filamu nyingine ningenyamaza. Lakini hii ni vita vya kwanza vya dunia, Afrika Mashariki ya Mjerumani, mwaka 1914, waigizaji Bogart na Hepburn ndani ya kiboti kibovu wakishuka mto kwenda kuizamisha meli ya Mjerumani ziwani. Ilitoka 1951, na Wamarekani wenyewe hawakupata DVD yake rasmi mpaka Machi 2010, ilhali Uingereza walikuwa nayo tayari. Huku pwani tulibaki na kanda za video zilizoota ukungu kwa unyevu.

Kilichongojwa hapo ni rangi. Technicolor, mfumo wa filamu za rangi wa zama zile, ilipiga picha kwenye negativu (filamu za ndani ya kamera) tatu za nyeusi na nyeupe kwa pamoja, kila moja ikibeba rangi yake. Negativu hunywea kadiri zinavyozeeka, tena hazinywei sawa, na ukizilaza moja juu ya nyengine hazilingani tena: unaona ufito mwekundu pembeni mwa mdomo, na wa kijani kwenye ukingo wa kofia. Waliotengeneza toleo la 2010 walizirudia negativu zenyewe, wakazilinganisha upya kwa kompyuta. Kwa hivyo kujua umepewa nakala gani ni rahisi. Simamisha picha Hepburn akiwa amevaa nguo nyeupe, utazame ukingo wa bega. Wangu una wekundu uliochuruzika kama hina ya mtoto asiyetulia. Hiyo imetolewa kwenye kanda ya zamani, haina uhusiano wowote na 2010.

Umbo nalo. Filamu hii karibu ni mraba. Kwenye televisheni pana za siku hizi lazima ibakishe weusi kulia na kushoto. Diski hii imejaza kioo kizima, na Bogart, mtu mwembamba yule, kapata mashavu ya mpishi wa pilau.

Haya, hata hayo ningeyavumilia. Kilichonipandisha hasira ni stika.

Diski ya DVD husomwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa hivyo mwisho wa filamu uko ukingoni, na ukingoni ndiko diski inakoyumba zaidi na ndiko uchomaji wa haraka huharibika. Sasa bandika karatasi juu yake. Uzito hausawaziki. Unyevu wa Lamu ukiingia, gundi inavimba, karatasi inatuna upande mmoja, na mashine inaanza kunguruma kama jenereta. Saa ya kwanza inapita vizuri. Baada ya hapo, boti ya Bogart imenasa kwenye matete, na diski nayo ikanasa papo hapo. Kila mara pale pale. Mwisho wa filamu haufikiki.

Kuipeleka dukani, jibu ni hili: "Ami, picha si inaenda?"

Haiendi! Imekwama kwenye matete! "Basi bandua stika." Msibandue. Ikitoka vipande vipande, diski inayumba kuliko mwanzo. Kama mmeshauziwa, futeni uchafu kwa kipande cha leso laini, mkianzia katikati kwenda nje kwa mstari, msizungushe. Kisha inakilini kwenye kompyuta mara moja kabla gundi haijazidi kuvimba. Mkichoma nyengine, mwendo uwe wa polepole, 4x, na jina liandikwe kwa kalamu ya wino kwenye duara la ndani lisilo na data.

Kwa anayetaka kuagiza ya kweli: DVD hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: ya Marekani ni kanda ya 1, Kenya ni kanda ya 5, na mashine ya dukani isiyofunguliwa kusoma kanda zote itaikataa bila kukueleza sababu. Kompyuta hukuruhusu kubadilisha kanda mara 5 tu, ya mwisho inaganda hapo hapo. Kwa Blu-ray, Marekani ni A, sisi na Ulaya ni B. Soma mgongo wa kasha. DVD ya Uingereza ni kanda ya 2 na huenda kasi kidogo, kwa hivyo dakika 105 zitakuwa kama 101. Hapo hujapunjwa. Muagizie mtu wa Mombasa, mzigo uje kwa basi mpaka Mokowe, na mwambie aufunge kwa nailoni, maana boti ya kuvukia hurusha maji.

Nimeshaiona ya 2010. Matete ni ya kijani kweli, jasho la Bogart linaonekana, bega la Hepburn ni safi kama kanzu ya Ijumaa. Kwa hiyo filamu ni nyota tano, ingojeni, inastahiki. Na duka lile, kusema haki, lilikubali kunirudishia 500. Basi liwe na nyota mbili.

Hapana. Nimelipita juzi tena, kasha lile lile liko dirishani, stika mpya: "ORIJINO KABISA", shilingi 1,800. Sifuri.