Ngamiani inaegemea chama gani: uulize kijiwe au usome matokeo?

Uchaguzi ukikaribia, ubishi wa Tanga ni uleule: Ngamiani ni ya nani? Kuna wanaoamini kijiwe cha kahawa, na kuna wanaoamini karatasi za matokeo zinazobandikwa vituoni.

Kwa gharama, kijiwe hakina mpinzani: kahawa, kashata na masikio yako. Tena kinakupa sababu, iwe ushuru wa soko, mitaro au ajira za bandarini. Karatasi haisemi kwa nini. Ila vijiwe vyetu ni vya wanaume, na mwenye sauti kubwa huonekana wengi. Mama anayepiga kura na kurudi zake jikoni hayumo.

Kwa uhakika karatasi ina uzito, mradi uisome na mazingira yake. Mwaka 2015 Tanga Mjini, jimbo lenye Ngamiani, ilimpeleka bungeni Mussa Mbarouk wa CUF; 2020 ikawa Ummy Mwalimu wa CCM. Watu waligeuka? Tazama kwanza nani alijitokeza na nani alibaki nyumbani. Na uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, ambao CHADEMA, ACT-Wazalendo na wengine walijitoa, sioni unapimaje mapenzi ya mtaa wowote. Halafu karatasi huchakaa: miaka mitano, wapangaji wamehama.

Mtia nia wa udiwani anayetafuta ajenda akae kijiweni, na asisahau akina mama wa vikoba. Mwanafunzi anayelinganisha chaguzi aanze na karatasi.