Spare Parts: nilivyowasikia Cybermen kabla hawajawa Cybermen

Nimeusikiliza mchezo huu mara mbili ndani ya wiki moja, hapa kwetu Newala, na bado haujanitoka kichwani. Unaitwa Spare Parts, ni wa Doctor Who, ule mfululizo wa Uingereza kuhusu Daktari, msafiri anayezunguka katika nyakati na sayari. Ameuandika Marc Platt, na kampuni ya michezo ya sauti ya Big Finish ikautoa mwaka 2002. Ni sauti tupu, kama michezo ya redio tuliyokua nayo. Una sehemu nne, na zote pamoja zinachukua kama saa mbili.

Cybermen, wale watu wa chuma wasio na huruma, wapo kwenye televisheni tangu mwaka 1966. Nilishawazoea hadi nikadhani hawana jipya la kunionyesha: wanakuja, wanawageuza watu wawe kama wao, Daktari anawashinda. Platt anaturudisha kwenye sayari yao ya Mondas wakati bado ni watu kama mimi na wewe. Mondas ilikuwa pacha wa dunia yetu, ikapotelea mbali na jua. Wakazi wamejichimbia mji chini ya ardhi. Baridi ni kali, vifua vimeoza kwa kikohozi, na kila anayedhoofika anapachikwa kifaa kipya ili asogeze siku. Yupo hata mchuuzi mmoja, Thomas Dodd, biashara yake ni kuuza viungo vya mwili. Hawa watu walikuwa wanatafuta uzima tu, kidogo kidogo, kiungo baada ya kiungo, na mimi nikajikuta nawaelewa. Hapo ndipo hofu iliponiingia.

Ngoja nieleze usiku wenyewe. Ilikuwa Julai, kibaridi cha huku juu kimeshashuka, nipo barazani nabangua korosho nilizoweka akiba. Mikono imejaa majivu na yale mafuta ya ganda yanayochubua vidole, kwa hiyo simu sikuweza kuigusa. Ilikuwa juu ya kigoda inaongea yenyewe. Mtoto wa kaka yangu, yupo kidato cha tatu, alikuwa pembeni ananisaidia kumenya.

Katika mchezo kuna familia ya Hartley: baba, kijana wake Frank, na binti anaitwa Yvonne, mgonjwa wa kifua, anayeitwa kwenda kazini juu ya ardhi. Baadaye kuna kitu kinarudi nyumbani kwao. Sitasema zaidi. Sauti yake inaimbaimba, inapanda na kushuka pasipo pake, ile ile ya Cybermen wa mwanzo kabisa, na ndani yake bado unamsikia mtoto wa mtu. Baba anaongea naye kwa upole. Mtoto wa kaka aliacha kumenya. "Shangazi, huyo si Yvonne?" Nilishindwa kumjibu, koo lilikuwa limenikaba.

Kwenye televisheni ningeona vazi la bati. Gizani pale barazani nilimwona binti.

Peter Davison ndiye Daktari, na sijawahi kumsikia amelemewa namna hii. Anajua watu hawa watakuja kuwa nini. Mwenzake Adric alikufa kwenye kisa cha Cybermen cha mwaka 1982. Nyssa, anayesafiri naye na anayechezwa na Sarah Sutton, anataka wawasaidie wakazi hawa, Daktari anasita, na wote wawili wana haki. Yale mabishano yao nimeyarudia mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Kasoro ninazo mbili. Mwanzoni majina na vyeo vinakuja kwa fujo, na lafudhi ya akina Hartley ni nzito. Aliyezoea Kiingereza cha darasani atahitaji kurudisha nyuma. Pia kuelekea mwisho makelele ya mji yanameza baadhi ya maneno. Ukiwa na hedifoni inasaidia. Kingine, mtandao wa huku unasuasua mchana, hivyo mimi nilipakua alfajiri, sehemu zote kwa mkupuo, ndipo nikasikiliza bila kukatwakatwa.

Huhitaji kujua chochote cha Doctor Who kabla. Mtoto wa kaka hakuwa anajua, na Jumamosi anataka tuanze upya tangu sehemu ya kwanza. Safari hii korosho zitakaa kwenye gunia.