Flashi ya nyimbo za kuanza upya kutoka laibrari moja ya Mwanga, Kigoma: uzoefu wangu

Nilipohamia Kigoma kutoka Tabora kutafuta riziki upya, baada ya duka langu la nguo kufungwa, nilikwenda kwenye laibrari moja ya nyimbo hapa Mwanga nikamwomba kijana anayehudumia anijazie flashi kwa nyimbo maarufu za nje zinazozungumzia mabadiliko na maisha mapya. Kwa shilingi 3,000 nilihudumiwa haraka, sauti ni safi, na uchaguzi wenyewe umenifaa sana, isipokuwa kwa kasoro moja ambayo siwezi kuinyamazia.

Kasoro hiyo iko kwenye wimbo nilioutaka kuliko yote, A Change Is Gonna Come wa Sam Cooke. Cooke aliurekodi Januari 1964, miezi michache baada ya kukataliwa chumba katika hoteli ya Shreveport, Louisiana, kwa sababu ya rangi yake, na singo yake, yaani wimbo huo uliotolewa peke yake nje ya albamu, ilitoka Desemba mwaka huohuo, siku chache baada ya yeye kupigwa risasi na kufa. Vinanda vya nyuzi hutangulia kwa uzito, kisha sauti yake huingia bila haraka ya kumfariji mtu: kwanza anaeleza machungu aliyoyapitia, ndipo anaahidi kwamba mabadiliko yatakuja. Nilichowekewa ni toleo la singo, ambalo liliondolewa ubeti anaosimulia kwamba akienda sinema au mjini huambiwa asizubae huko. Ubeti huo ndio unaogusa ubaguzi waziwazi, na ukikosekana, msikilizaji anabaki na tumaini asiloambiwa limetokana na dhiki gani.

Changes wa 2Pac, uliotoka mwaka 1998, miaka miwili baada ya kifo chake, umenishika kwa namna nyingine. Kinanda chake kimetokana na The Way It Is wa Bruce Hornsby wa mwaka 1986, na juu ya kinanda hicho kitamu mwimbaji anasema haoni mabadiliko yoyote, akitaja umaskini, polisi na magereza. Mtu aliyefunga duka anaelewa kwa nini wimbo wa namna hiyo unatia nguvu kuliko ule unaomwambia tu kwamba yote yatakuwa sawa.

Wind of Change wa Scorpions, kundi la Ujerumani, unaanza kwa mluzi ambao hata watoto wa jirani sasa wanaupiga. Wengi huuhusisha na kuanguka kwa Ukuta wa Berlin, lakini maneno yake yanataja mto Moskva na bustani ya Gorky, kwa kuwa ulitokana na safari ya kundi hilo mjini Moscow mwaka 1989. Man in the Mirror wa Michael Jackson ni mzuri, hasa pale kwaya inapoingia na wimbo kupanda ufunguo, yaani sauti zote kuhamia juu zaidi, ingawa kwa siku za uchovu naona unanidai mengi mno.

Ningependa pia kuwekewa nyimbo za Kiswahili, maana hakukuwa na hata mmoja. Kuhusu ubeti uliokatwa, nilirudi dukani nikaeleza, na kijana alibadilisha faili bila kudai nyongeza. Atakayekwenda kutafuta wimbo huo ataje albamu kabla ya kulipa: Ain't That Good News, ya mwaka 1964, ndiyo yenye beti zote.